Jipu la Mkono wa Kushoto

Mwamini hakuwa mtu wa kufika dirishani mikono mitupu. Siku zote ungemsikia kabla hujamwona, akitaniana na madereva langoni mwa yadi ya malori, kule mtaa wa Gikondo, beseni la sambusa kichwani na kitambaa cheupe juu yake. Asubuhi ile ya mwaka 1992 alikuja bila beseni. Alisimama mbele ya ofisi ya mfuko wa matibabu, akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akainama na kusogeza uso kwenye tundu la kupitishia karatasi.

"Joselyne, shenge, kipenzi changu. Uko peke yako?"

Joselyne alikuwa peke yake. Nyiraneza, mpiga chapa aliyekuwa akikaa naye chumba kimoja, alikuwa ametoka kutafuta maziwa. Joselyne Gahongayire alikuwa ametoka chuoni mwaka uliotangulia, na aibu yake ilijulikana yadi nzima. Madereva walimwita Sista, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Kazi yake ilikuwa kupokea ankara za kliniki walikotibiwa wafanyakazi wa kampuni pamoja na wake na watoto wao, na kuandika kando ya kila tiba alama yake, herufi na namba, kama ilivyopangwa katika kitabu cha mfuko. Bila alama hakuna malipo. Na mwisho wa mwezi kila mfanyakazi alikabidhiwa, pamoja na mshahara, karatasi inayoeleza tiba zote zilizopita kwenye kadi yake.

"Nimeweka vijiti," Mwamini alinong'ona. Alipandisha mkono wa blauzi, na pale juu ya kiwiko cha kushoto, upande wa ndani, palikuwa na bandeji safi. "Vile vya kuzuia mimba. Vinakaa chini ya ngozi miaka mitano. Nilitumia kadi ya Ismaël. Yule nesi wa kliniki aliniambia kadi inatosha. Leo ndiyo nasikia kwa mke wa Bizimana, yule dereva, eti kila kitu kinaandikwa, na mwanamume anapewa asome!"

"Kinaandikwa, dada Mwamini."

"Mungu wangu."

Joselyne alimsogezea kiti kupitia mlango wa nyuma, na Mwamini akaketi na kueleza. Alieleza haraka, huku jicho likiwa mlangoni. Alipomzaa Hadija, kitinda mimba wake, damu ilimtoka mpaka mkunga akawaita majirani waje kumuaga. Alipozinduka, mkunga alimshika kidevu akamwambia: mwingine akija, mtazikwa pamoja. Alimweleza mumewe. Ismaël alilia kama mtoto. Kisha akafuta machozi, akasema Mungu aliyemvusha mara ile atamvusha tena, na kwamba mwanamke anayewafungia watoto njia siku moja ataukuta mlango wa nyumba umefungwa, yeye nje, watoto ndani.

"Na Ismaël hasemi kitu asichofanya," Mwamini alisema. "Hata akisema ataninunulia viatu, ananunua. Sasa hivi yuko safari ya Dar, tangu wafunge mpaka wa Gatuna kwa ajili ya vita wanazunguka kwa mpaka wa Rusumo. Akirudi atakuta bandeji. Nitamwambia nilikatwa jipu. Weye andika jipu, mdogo wangu. Jipu si nalo hukatwa?"

Joselyne alitaka kusema kwamba hana ruhusa. Alitaka pia kusema kwamba ameelewa, kwamba mama yake mdogo alikufa hivyo hivyo kijijini kwao Gahanga, shuka likilowa na watu wakimwombea.  Badala yake aliitikia kwa kichwa tu.

Ankara ilipofika kutoka kliniki, aliifungua kabla ya nyingine zote. Uzazi wa mpango ulikuwa na alama yake katika ukurasa wa mwisho wa kitabu, na kando yake kanuni fupi: lazima mwenye kadi atie saini. Bila saini ankara ilirudishwa kwake ailipe mwenyewe. Kwa vyovyote Ismaël angejua. Basi Joselyne akafungua ukurasa wa majipu. Lakini alama ya jipu ilikuwa na bei ndogo, na ankara ya kliniki ilikuwa kubwa zaidi. Bwana Viateur, mkuu wa mfuko, hakuwa na haja ya kusoma ankara. Alipitisha jicho kwenye bei na alama, na zisipolingana jicho lake lilisimama lenyewe, kama punda aliyeona nyoka. Joselyne akapanda mstari mmoja, akapanda wa pili. Hapo akakuta maneno: kuondoa uvimbe chini ya ngozi, mkono. Bei yake ililingana kama kiatu kilichopimwa mguuni.

Akaiandika alama ile. Bwana Viateur akapitisha jicho, akagonga muhuri, ankara ikaingia kabatini ambako hakuna aliyefungua faili mara ya pili. Mchana ule Mwamini alimletea sambusa zimefungwa kwenye gazeti, zenye pilipili nyingi, naye Joselyne akazila zote.

"Leo Sista ana njaa ya mwanamume," Nyiraneza alisema. "Ameposwa nini?"

"Nimeposwa na sambusa," Joselyne alijibu. Nyiraneza akacheka mpaka akakosea herufi, maana alikuwa hajawahi kumsikia akitania.

Mwezi ukaisha. Mshahara ukatolewa, na madereva wakapewa karatasi zao. Siku chache baadaye Ismaël akaja dirishani.

Alikuwa mwanamume mpana, wa sauti kubwa, anayejulikana kuanzia mtaani kwake Rwezamenyo mpaka mizani ya malori kule Rusumo kwa mizaha yake. Siku hiyo alivua kofia yake ya kufuma kabla ya kusema, akaishika kifuani.

"Madmazeli. Nisomee hapa."

"Kaka Ismaël, si unajua kusoma?"

"Najua. Nataka nisikie kwa mdomo wa mtu mwingine. Labda jua la safari limeniharibu macho."

Joselyne alisoma, kwa sauti ndogo kuliko kawaida yake. "Kuondoa uvimbe chini ya ngozi. Mkono wa kushoto."

"Uvimbe," Ismaël alisema. "Si jipu."

Joselyne alimrudishia karatasi.

"Mke wangu aliniambia jipu. Nikamwamini, nikamtania, nikamwambia hizo ni sambusa zinatafuta njia ya kutoka. Akacheka. Madmazeli, unajua mama yangu alikufaje? Alikuwa na kitu kama punje ya haragwe, hapa, kifuani. Akatuambia jipu. Kila siku jipu, jipu, ili tusihangaike. Tulipojua, harufu ilikuwa imeshajaa nyumba. Sasa na huyu naye ananificha. Anapika, anaimba, ananificha." Akaikunja karatasi. "Jana alisinzia kwenye mkeka baada ya chakula. Nikamshika mkono polepole. Wallahi, hawakuitoa. Ile kitu iko bado. Imekuwa mingi, imelala pamoja kama vidole vya mkono uliofunguliwa."

"Labda," Joselyne alisema, "labda ni mshono."

"Mshono gani wenye vidole?"

Aliuweka mkono wake mkubwa kwenye ubao wa dirisha.  Joselyne aliutazama, akajua kwamba neno moja lake lingemtuliza Ismaël, na kwamba hana haki ya kulisema neno hilo.

"Lakini nimeshamwona shefu wako, Bwana Viateur," Ismaël akaendelea. "Mungu ambariki. Daktari wa mfuko yuko hapa leo mchana, atamwona bila foleni. Kama ni kumpeleka hospitali ya Butare, nitampeleka. Kama ni Nairobi, pikipiki ipo, itauzwa. Naenda kumchukua."

Alivaa kofia, akaondoka. Pikipiki yake ikanguruma langoni na kupotea.

Joselyne alisimama mbele ya meza ya Bwana Viateur kwa muda mrefu kabla huyo bwana hajainua kichwa. Viateur alikuwa mtu mwema kwa namna yake: aliwakumbuka wagonjwa kwa namba za kadi zao, na aliwaulizia hali.

"Shefu, yule mke wa Ismaël. Naomba asionwe leo."

"Kwa nini? Mume mwenyewe amenililia hapa."

"Nilikosea alama."

"Ulikosea?" Viateur alicheka kidogo, kicheko cha baba. "Wewe? Basi daktari ataangalia, atatuambia ni nini, utasahihisha. Usikonde. Alama ni alama, binti yangu. Haijaua mtu."

Alitaka kumwambia.  Lakini aliona kwamba akimwambia Viateur, Viateur angefuata kanuni, na kanuni ilisema mwenye kadi aarifiwe. Kila mlango aliougusa ulifunguka kuelekea kwa Ismaël.

Alichukua koti, akatoka kwenda Rwezamenyo kumwonya Mwamini. Hakufika mbali. Barabara ya kupandia mjini ilikuwa imezibwa na vijana wa chama kimojawapo cha siasa, wenye kofia za rangi moja, wakiimba na kupuliza filimbi. Mwaka ule kila chama kilikuwa na filimbi zake na siku zake. Mmoja alimwuliza yeye ni wa upande gani. Joselyne alisema anaenda kwa dada yake. "Dada yako ni wa upande gani?" akaulizwa tena, na wenzake wakacheka. Akarudi nyuma. Alisimama langoni mwa yadi akitazama barabara, na hakukaa sana kabla hajaiona pikipiki ya Ismaël ikitokea upande wa bondeni, imejaa tope jekundu. Ismaël alijua njia zote.

Mwamini alikuwa amevaa kitenge chake kizuri. Mumewe alimteremsha kama mtu anayepakua mayai.

"Huyu mwanamume ameingiwa na wazimu," Mwamini aliwaambia madereva waliokuwa wamekaa juu ya matairi, akijitahidi kuwa yule yule wa kila siku. "Jipu limepona, yeye ndiyo kwanza anaumwa!"

Hakuna aliyecheka. Ismaël alikuwa ameshawaambia. Mmoja wao alisimama akampisha kwenye kivuli. Ismaël akaenda kumtafuta daktari, na kwa kitambo kile kifupi Mwamini na Joselyne walibaki peke yao ukutani.

"Umeandika nini?"

"Uvimbe."

"Nilikuambia jipu! Jipu, Joselyne! Mtu ambaye mama yake..."

"Sikujua habari ya mama yake. Bei ya jipu haikulingana na ankara."

"Bei," Mwamini alisema. Alimtazama kwa mshangao, bila hasira, kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba yake imeungua kwa sababu kiberiti kilikuwa kwenye punguzo. "Nikikataa kuingia mle, atajua. Nikiingia, ataambiwa. Wewe umesoma. Nifanye nini?"

Joselyne alimshika Mwamini mkono, ule wa kulia, kisha akamwacha, akakimbilia kwenye chumba cha daktari ili amwahi kabla ya Ismaël.  

Daktari Achille alikuwa kijana mwenye haraka, aliyepita kwenye makampuni mengi kwa siku moja. "Daktari, naomba neno moja kabla..." Joselyne alianza. "Niletee mgonjwa kwanza, maneno baadaye," alisema bila ubaya, akinawa mikono. Ismaël alikuwa ameshaingia nyuma yake, amemshika mkewe kiuno. "Na wewe baki, ushike faili," daktari alimwambia Joselyne.

Basi Joselyne alibaki, faili kifuani.

Daktari alimpandisha Mwamini mkono wa blauzi, akapitisha vidole viwili juu ya kovu. Akapitisha mara ya pili. Uso wake ukafunguka. Siku nzima alikuwa amewapa watu habari mbaya, na hatimaye alikuwa amepata nzuri.

"Bwana, pumua," alimwambia Ismaël. "Mkeo hana ugonjwa wowote. Aliyeandika uvimbe amekosea. Hivi ni vijiti tu. Kazi safi kabisa, aliyeviweka ana mkono mzuri."

"Hatakufa?"

"Kwa hili? Hapana."

"Alhamdulillahi!" Ismaël alipiga kelele, akacheka, na machozi yakamwagika juu ya kicheko. Alimkumbatia Mwamini kichwa, akakibana kifuani. "Alhamdulillahi, alhamdulillahi. Ulinitisha, mwanamke! Nimekonda!" Kisha, akiwa bado amemkumbatia, aligeuka. "Vijiti vya nini, daktari?"

Daktari alimtazama mwanamke, akamtazama mwanamume, na hapo ndipo alipoelewa. Lakini alikuwa ameshasema.

"Vya uzazi wa mpango," alijibu polepole.

Mkono wa Ismaël ulishuka kutoka kichwani kwa Mwamini. Haukumpiga. Ulishuka tu, ukaning'inia. Nje filimbi za vijana zilisikika zikipita.

"Nimelia siku hizi zote," Ismaël alimwambia mkewe. "Nilimwambia Mungu anichukue mimi, akuache wewe. Ulikuwa unaniona nikilia?"

"Nilikuwa nakuona."

"Na ukanyamaza."

"Nilitaka kuishi, Ismaël. Mkunga alisema..."

"Najua alichosema mkunga. Nilikuwepo." Akamgeukia daktari. "Vitoe."

"Mimi siwezi kuvitoa hapa. Ni kliniki iliyoviweka. Lakini kwanza mkeo mwenyewe anasemaje?"

Wote walimtazama Mwamini. Alikuwa akishusha mkono wa blauzi, akiunyoosha taratibu, kana kwamba nguo ile ndiyo ilikuwa jambo la kutengenezwa.

"Watoto wamo nyumbani mwake, daktari," alisema. "Hadija bado ananyonya."

"Kaka Ismaël." Sauti ilikuwa ya Joselyne, na hata yeye mwenyewe aliishangaa. "Atakufa. Akizaa tena atakufa. Tafadhali."

Ismaël alimtazama kwa mara ya kwanza tangu waingie. "Wewe ulijua."

"Nilijua."

"Na uvimbe ni wewe uliyeandika."

"Ndiyo."

"Asubuhi ulinisomea kwa mdomo wako." Hakupaza sauti, na hilo lilimuumiza Joselyne zaidi. "Ungeandika ukweli, ningekasirika siku moja, mbili. Tungegombana, wazee wangekuja, labda ningewasikiliza. Sijui. Lakini mmenifanya nimzike mke wangu akiwa hai, kisha mnaniambia ilikuwa mchezo. Sasa nimsikilize nani?"

Joselyne aliliweka faili juu ya meza ya daktari.

Ankara ya kuvitoa vijiti ilifika kabla ya mwezi kwisha. Ilikuwa imejazwa vizuri: jina la mgonjwa, namba ya kadi, tiba iliyofanywa, na chini kabisa saini ya mwenye kadi, imeandikwa kwa nguvu hata kalamu ikakaribia kutoboa karatasi. Katika ukurasa wa mwisho wa kitabu, kuvitoa kulikuwa na alama yake pia. Joselyne aliiacha ankara chini ya nyingine siku nzima. Kisha akaiandika, kwa kuwa vijiti vilikuwa vimeshatolewa, alama iwepo isiwepo. Bwana Viateur alipitisha jicho, akatabasamu.

"Unaona? Karatasi safi kama hii. Ile nyingine uliisahihisha?"

"Niliisahihisha, shefu."

"Basi yamekwisha." Akagonga muhuri.

Mwamini alirudi na beseni lake langoni. Aliuza, alitania, lakini hakupita upande wa dirisha, na Joselyne hakuthubutu kutoka. Nyiraneza ndiye aliyeenda kununua, akarudi na sambusa na habari: Ismaël yumo nyumbani, hajamfukuza mtu, amempeleka Hadija kununuliwa viatu. "Amesamehe," Nyiraneza alisema, akilamba vidole. "Wanaume wa Rwezamenyo wana moyo."

Mvua zikaja, zikaenda. Asubuhi moja, katikati ya ankara za malaria na meno, Joselyne akakuta kadi anayoifahamu. Uchunguzi wa mama mjamzito, mara ya kwanza. Tiba ile haikuhitaji saini ya mtu. Mfuko uliilipa yote, bila swali.

Alikuwa bado ameishika alipoona kivuli dirishani. Beseni lilikuwa kichwani, kitambaa juu yake, na mkono uliolishika ulikuwa wa kushoto, makovu mawili yakionekana juu ya kiwiko, moja la kuingilia na moja la kutokea. Mwamini alipitisha sambusa mbili katika lile tundu, zimefungwa kwenye gazeti.

"Zina pilipili," alisema. "Kula zingali moto."

"Dada Mwamini."

"Usinitazame hivyo, mdogo wangu. Unanitazama kama wale majirani walioitwa na mkunga. Bado niko." Aliweka beseni sawa. Mtu alimwita kutoka kwenye malori, naye akamjibu kwa tusi la mapenzi, yadi nzima ikacheka. Kisha akainama tena, akasema kwa sauti ya chini, "Hiyo karatasi uliyoshika ni yangu?"

"Ni yako."

"Leo unaweza kuandika ukweli," Mwamini alisema, akaondoka.

Joselyne alingoja mpaka sauti yake ikapotea upande wa lango. Sambusa zilipoa kwenye gazeti. Alifungua kitabu, akaitafuta alama ingawa aliijua kwa moyo, akaiandika kando ya jina la Mwamini. Bei ililingana.